Viazi Sita vya Baba Mkwe

Baba Rhoda,

Nimekwenda Ipililo kwa dada, narudi kesho. USIWASHE hicho kishimo chako cha kuotea moto wa gesi! Mtungi nimeufunga.

Tangu maduka ya Mwanza yajae vitu, kila kinachong'aa unakileta hapa uani. Asubuhi baba yako amefukia viazi kwenye yale mawe uliyoyapanga humo juu ya bomba, kama alivyozoea kwenye shikome yake, pale alipoota moto wa kuni na wazee wenzake kabla hujaivunja, akawasha. Si nilikwambia mawe ya mtoni yana maji ndani? Mawili yamepasuka paa! Nusura kipande kimpige jichoni.

Toa yote, weka vipande vya matofali ya kuchoma, vikavu. Zibua matundu ya bomba kwa waya, yamejaa viazi vilivyopondeka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Yakitoa povu, gesi inavuja. Kiberiti kwanza, gesi baadaye.

~~Au rudisha huo mtungi dukani.~~ Basi, tengeneza, najua unaupenda.

Ila mwashie baba shikome nyingine. Kwenye kuni kila mzee alikuwa akija na gogo lake. Moto wako hauhitaji gogo la mtu, na wazee hawaji tena. Leo amefukia viazi sita, mlaji yeye peke yake.

Mama Rhoda