Mwanga Uliopita Juu ya Shuka

Nyumbani, chumba cha juu,
Jumatatu, baada ya chai.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Ule mgongo unakuacha ulale siku hizi? Na wifi yangu mtarajiwa je, amezoeana na baridi ya huko au bado wanagombana? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutugombeza bado anayo, kwa hiyo usihofu.

Jana tumeonana, najua, na utajiuliza barua ya nini tena. Kaka, wewe uliona kiooni uso wa baba na mikono yake, basi. Ya nyuma ya pazia hukuyaona, na nikikaa nayo nitapasuka. Tumeshinda!

Unajua tulikotoka. Kwa mtu asiyesikia kama baba yetu, simu ni kipande cha plastiki tu, na lugha yake ya mikono inataka picha isiyokwama. Ulipoapa kwamba hufungi ndoa mpaka baba akupe radhi kwa mikono yake mwenyewe, mchumba wako akiona, nilikusifu, kisha nikakulaani, maana mtandao wa simu humu katikati ya maghorofa hufika ukiwa hoi. Mara ya mwisho baba aliongea weee, akamaliza, akafuta jasho, kumbe ninyi mlikuwa mmeona kiganja kimoja tu kimeganda. Iliniuma sana.

Waya wa intaneti nao unajua ulikokwamia. Ulitakiwa upite chini ya ua wa jirani yetu mfua nguo, Mama Povu, naye alikuwa ndiyo kwanza amemwaga saruji. Akasimama mlangoni mikono kiunoni: "Saruji yangu haichimbwi. Mkitaka, piteni hewani!" Tangu hapo salamu zetu zikawa za kubinua midomo.

Basi tukapita hewani kweli. Binamu yetu fundi mitambo alileta visanduku viwili, kila kimoja na jicho lake la kioo. Kimoja alikifunga kwenye roshani ya kliniki ya meno ninakopokea wagonjwa, maana kule waya upo na daktari alikubali. Kingine kipo juu ya paa letu, vinatazamana juu ya nyumba ya Mama Povu kama wachumba. Vinarushiana mwanga ambao jicho halioni, na ndani ya mwanga huo ndimo intaneti inamopita. Siku ya kujaribu kulikuwa na manyunyu, lakini picha ilitulia kama maji mtungini. Nikamtupia Mama Povu jicho la dharau, na nakiri lilikuwa tamu.

Jana jua likawaka. Baba alinyoa ndevu, akavaa shati la kola, mama akashika kompyuta kama trei ya mayai. Mkasalimiana, baba akainua mikono aanze, na hapo hapo nyuso zenu zikaganda. Nikapanda ngazi mbiombio hadi juu ya paa, na jibu lilikuwa likinisubiri huko. Siku ile ya manyunyu kamba za Mama Povu zilikuwa tupu. Jana paa lake lilijaa shuka, nyeupe pe, zimetuna kwa upepo, katikati kabisa ya visanduku vyetu. Binamu hakulifikiria hilo, wala mimi. Kumbe hata hewa ina mwenyewe.

Kiburi nilikimeza kikavu. Mimi, yule unayemwita Kipaza, nilimpigia kelele Mama Povu kule paani kwake, mtaa mzima ukasikia: "Mama! Nakuomba, shusha shuka! Baba anatoa radhi, mwanga hauna pa kupita!"

"Mwanga gani? Mbona sioni kitu?"

"Hata mimi siuoni! Ni radhi ya kaka, inapita hapo!"

Alinitazama kidogo. Kisha akaing'oa miti inayonyanyua kamba, mmoja baada ya mwingine, na shuka zote safi zikalala vumbini. "Haya, ipite! Na mwambie baba yako asiharakishe!"

Niliporudi chini, picha ilikuwa imesharudi. Wewe ulikuwa umetupa kisogo, unachomoa nyaya za huko kwako, na wifi ameinama nawe. Mlidhani bado tumeganda, kwa sababu baba alikuwa hatikisiki, mikono ipo palepale hewani.

Haikuwa picha, kaka. Alikuwa ni baba. Unamjua, haanzi kuongea na mtu aliyempa kisogo. Tangu picha ilipokatika hakuishusha mikono ile, ili safari hii usikose hata neno la kwanza. Wifi ndiye aliyegeuka akaona mabega yanatetemeka, na picha iliyoganda haitetemeki. Akakugonga bega. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, nawe ulilia, usikatae.

Jioni nilikwenda kwa Mama Povu, tukazifua shuka upya pamoja. Sasa kamba zake zimeshuka chini kidogo, na salamu zetu zimerudi juu. Anadai kadi ya mwaliko, na anastahili.

Msalimie sana wifi yangu. Mama anawasalimu, binamu fundi pia, ingawa amevimba kichwa hapitiki mlangoni. Baba leo hawezi hata kuinua kikombe. Mama anamkanda mabega kwa maji ya moto, naye kwa mkono mmoja anajigamba kwamba angeweza kungoja hadi jioni.

Mungu aibariki nyumba yenu mpya kabla hata haijapata mlango.

Mdogo wako akupendaye kwa kelele zote,
Kipaza