Nkirote Yupi Aliyetia Sahihi

Kiirua, 4 Machi 2024

Nkirote,

Huna haya. Salamu utapata nikimaliza kukugombeza. Kailemia, mwenyekiti wa shule, amekuja hapa, akanywa chai yangu, kisha akanishukuru kwa kukubali darasa la mawe libomolewe. Mimi? Anasema ilitakiwa idhini ya waliolijenga, na kwa kuwa wenzangu wote wamezikwa, jina langu moja limetosha. Karatasi imetoka ofisini kwenu Meru. Mawe yale tuliyabeba kutoka mtoni, kamba kwenye paji la uso, na humo ndani sikukalishwa hata siku moja.

Mguu bado unauma. Anayeandika ni Veronicah, jirani. Nimemkataza kulainisha.

Nyanya yako

Meru, 9 Machi

Nyanya mpendwa,

Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi ni mzima. Karatasi nimeiona. Ni orodha ya mahudhurio ya ule mkutano wa shule wa Januari ambao wewe ulikataa kwenda. Ofisi ilinituma kuandika kumbukumbu, nami nikatia sahihi kama wengine: Nkirote. Baadaye mtu akaandika juu yake, "Waliokubali." Niliona, sikuuliza. Mkubwa wangu anasema jambo limekwisha, tingatinga linakuja tarehe 18, na mimi niko kwa kandarasi mpaka Juni. Nisamehe.

Mjukuu wako

Kiirua, 12 Machi

Nkirote,

Hapa hatujambo, ng'ombe amezaa ndama jike. Sasa sikiliza. Baba yako alikupa jina langu kama desturi inavyotaka, nami nikajivuna. Sikujua litanibomolea darasa. Lakini kalamu mimi sijui kushika, hata kitambulisho nilichukua kwa kidole gumba, na karatasi yenu ina sahihi ya kalamu. Nimemwambia Kailemia hivyo mbele ya wazazi. Akacheka, akasema, "Basi mlete huyo Nkirote mwingine." Anajua unaogopea kandarasi yako.

Kazi siibezi. Wakikufukuza, shamba lina viazi na jembe la pili lipo.

Ijumaa afisa wa kaunti anayeweza kusimamisha tingatinga atakuwa shuleni saa nne. Chukua gari la kwanza, beba kitambulisho chako. Utasimama mbele yake useme ile sahihi ni yako, uiandike tena aione, kisha mimi nitaweka kidole changu kando yake. Na usije umejifunika leso usoni kama mwizi wa kuku.

Nyanya yako