Kidevu cha Mama Mkwe Kilitetemeka, Nikasema Anatulaani

Mpendwa Bi Saida, shikamoo. Naomba unisaidie upesi, maana zimebaki siku nne tu.

Mimi ni mke wa mtu huku Kemambo, nina mtoto mmoja, Brayan, wa mwaka na nusu. Tunaishi boma moja na mama mkwe wangu, mama Teresia, na huyu mama tangu naolewa kidevu chake kinatetemeka, siyo kila saa, ila akitaka kuongea au akiacha midomo wazi kidogo kinacheza harakaharaka kama mtu anayenong'ona, na mikono nayo, akimimina chai nusu inaishia mezani, lakini akipata kikombe cha pombe ya mtama anatulia kabisa, ndiyo majirani wakawa wanasema kuna kitu cha kichawi anakilisha. Mwezi wa tatu Brayan alishikwa na degedege, nikaingia ndani nikamkuta bibi yake amemwinamia, kidevu kinacheza na sauti haitoki, na sisi huku tunajua mzazi akilaani hapigi kelele, analaani polepole mdomoni, basi nikamnyang'anya mtoto. Hospitali walisema ni malaria, akatibiwa akapona, lakini mimi nilikuwa nimeshamwambia wifi yangu Regina niliyoyaona, Regina akawaambia baba zake wadogo, likafika kwa wazee wa ukoo, na Jumamosi hii limeitishwa ritongo, kikao chao, mama aapishwe kisha aondoke bomani. Shahidi wa kwanza ni mimi.

Sasa sikia yaliyonikuta juzi Jumapili. Mume wangu Heche anafanya kazi machimboni Matongo na amefuga ndevu tangu mwaka jana, nikadhani ni urembo wa vijana wa huko. Jumapili mchana akanyoa, akasema hawezi kukaa mbele ya wazee na ndevu kama za beberu. Nikamletea uji. Akafungua mdomo anishukuru, na kidevu chake kikaanza kucheza, vilevile kama cha mama yake, Bi Saida, vilevile. Uji wote niliumwaga chini.

Nikamuuliza, "Hicho kidevu kimeanza lini?"

Akasema, "Mwaka jana. Kwani unafikiri ndevu nilifugia nini?"

"Na mama yako unamwacha aapishwe?"

"Nikisema, watasema amenirithisha uchawi. Watatufukuza wote na huyo mtoto. Nyamaza, mama Brayan. Hata babu, baba yake mama, alitetemeka hivihivi."

Tangu hapo siwezi kumtazama mama usoni. Jana aliniuliza kama Brayan amekula, akiwa amesimama mbali, maana tangu mwezi wa tatu nimemkataza kumgusa. Nikinyamaza, mama anafukuzwa, nikisema, mume wangu naye anaitwa mchawi. Au ni laana kweli, na imehamia kwa Heche? Nifanyeje?

Mkwe, Kemambo.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mkwe. Jibu hili nakutumia kwa simu leo hii, gazeti litafuata na majina nitayabadilisha. Nimesoma barua yako, nikavua miwani, nikaivaa nikasoma tena. Miaka tisa najibu barua za wake wenza na waume watoro, sijawahi kuona mtu anamshitaki mama mzima kwa sababu ya kidevu. Nimeshtuka, na sitakuficha.

Mimi si daktari, kwa hiyo nilimpigia mmoja. Anasema upo ugonjwa wa kutetemeka unaotokana na ubongo. Mara nyingi huanza mikononi, na kwa wengine hufika kichwani, kwenye sauti na kidevuni. Hauambukizi wala hautumwi na mtu. Mara nyingi hutembea katika damu, na huo wenu, babu, mama, mtoto, unafanana nao sana. Hata hiyo pombe inayomtuliza ni jambo ambalo madaktari wanalijua, ila inatuliza kwa muda tu na siyo dawa, msije mkamfanya mlevi. Mama na Heche waende hospitali wote wawili, kwa sababu yapo magonjwa mengine yanayotetemesha na daktari hapimi mtu kwa barua. Dawa za kupunguza zipo.

Sasa wewe. Hofu ya mama mwenye mtoto mgonjwa naielewa, hata mimi ningemnyakua. Lakini mtoto alipopona malaria kwa dawa za malaria, ulishindwa nini kurudi kwa Regina ukamwambia ulikosea? Ulikaa kimya miezi yote hiyo, na bibi anauliza habari za mjukuu akiwa amesimama mbali kama mgeni.

Na Heche, najua atasoma. Baba, ulijua. Umeuficha utetezi wa mama yako ndani ya ndevu zako. Unaogopa mtafukuzwa wote, lakini fikiri: mmoja akitetemeka wanasema mchawi. Wakisimama mama na mwanawe pamoja, na wazee wenye umri wakakumbuka kidevu cha baba yake mama, huo unakuwa ugonjwa wa kurithi na kila mtu anauona.

Leo, siyo kesho, nendeni kwa mtendaji wa kijiji mumweleze kila kitu na mumwombe awepo Jumamosi. Mama mzee akishaitwa mchawi anaweza kuumizwa na watu ambao hata hawakuwa kwenye kikao. Mtu yeyote akitoa vitisho, piteni polisi kabla ya kurudi nyumbani.

Jumamosi Heche aseme ya kwake, wewe useme ya kwako. Usianze na "nadhani" wala "labda niliona vibaya". Waambie, "Nilimsingizia mama yangu." Kisha nenda ukakae karibu naye, umweke Brayan mapajani mwake mbele ya wote. Akikataa kukutazama, mvumilie. Ana haki hiyo.