Shilingi Niliyoishika na Mashimo Yako ya Idete

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kama tungekuwa kwenye simu ungeitikia, "Marahaba, Profesa," halafu ungeniuliza kama bado natembea huku nasoma. Bado. Wiki iliyopita hapa Mlabani nilimgonga mama muuza vitumbua, vikaanguka vitatu, akaniuliza, "Binti, macho umeyaacha kwenye hicho kitabu?" Nilivinunua vile vitatu vyenye mchanga na kwenda navyo shule.

Ni wiki ya tano sasa hujapiga. Nikipiga mimi, simu inaita mpaka inakatika. Mama anasema mtandao wa huko uliko ni mbaya, na mimi naitikia, lakini yeye hakusikia maneno yetu ya mwisho. Ndiyo maana nakuandikia. Mwalimu wetu wa Uraia hubandika barua za wazi kwenye ubao wa nje ya maktaba, na hii ataibandika. Nitaipiga picha nikutumie. Kwa kuwa wengine wataisoma pamoja nawe, sitataja jina lako wala kambi yako ya jeshi.

Unaikumbuka Jumapili ile. Nilikuwa na habari ambayo niliitunza siku nzima nikisubiri upige.

"Kaka, kwenye Bunge la shule nimepewa kamati ya ulinzi. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Wewe? Wewe ambaye ukitumwa dukani unaandika kwenye karatasi ili usiongee?"

Tulicheka wote wawili. Kisha ukauliza kamati hiyo inafanya nini, nikakusomea kutoka kwenye daftari: kwamba Bunge ndilo linaloidhinisha fedha za ulinzi kila mwaka, na kwamba linayo haki ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini. Ukasema:

"Yaani mtatuuliza sisi."

"Si ninyi, Kaka. Wizara."

"Mdogo wangu, mimi nikiambiwa simama, nasimama. Nikiambiwa nenda, naenda. Siulizi. Halafu wewe umekaa darasani na kalamu yako, unaniita mwizi."

Sikukuita mwizi. Lakini nilipopata la kusema, simu ilikuwa imeshakatika. Unanijua. Maneno yangu ni kama treni ya mizigo hapa Ifakara: watu wakishachoka kuisubiri na kuondoka, ndipo inapopiga honi.

Tangu siku ile nimekuwa nawaza kuhusu mashimo yako.

Nilikuwa darasa la nne. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri kwenda jeshini. Nguruwe pori walikuwa wanaumaliza mpunga wa Idete, na kikundi cha wenye mashamba kikakuchagua uwe kiongozi wa walinzi. Kila kaya ilitoa debe la mpunga, ukauzwa, nawe ukanunua waya, nguzo na tochi. Mchana nilikuwa napanda kwenye dungu lako na kitabu kwapani, tunafukuza ndege, na kila ulipoanza kusinzia ulisema, "Soma kwa sauti, Profesa." Ninavyojua kusoma mbele ya mtu mmoja bila kutetemeka, nilijifunzia pale juu, miguu yetu ikining'inia.

Mashimo ya kunasia nguruwe uliyachimba peke yako, ukayafunika kwa majani vizuri mpaka mimi niliyekuwa nakutazama kila siku sikujua ni mangapi. Watu wakikuuliza uliyaweka wapi, na waya umetumika wapi, uliwajibu neno moja: "Ulinzi ni siri." Ulilisema umetoa kifua mbele. Mimi nilijivuna. Nilikwenda shule nikawaambia wenzangu kwamba kaka yangu ana siri.

Kisha asubuhi moja tukasikia kelele kutoka njia ya mtoni: "Diwani katumbukia shimoni! Diwani!" Watu wawili wakakimbia kumwita mtendaji wa kijiji, wakidhani ni diwani wa kata yetu. Kumbe alikuwa ni maksai wa Mzee Masanja, yule jirani yetu Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kabla mimi sijazaliwa. Alimpa jina hilo kwa sababu ya tumbo lake. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza nini kitafuata. Ndiye aliyekuwa anavuta plau ya Mzee Masanja.

Nilitegemea Mzee Masanja akupige. Alikaa kwenye ukingo wa shimo, akavua kofia.

"Ng'wanawane," alikuambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "si ungeninong'oneza tu? Mimi na nguruwe hatusalimiani."

Hukucheka. Hakuna aliyecheka. Ulikuwa unalia, na ulikuwa unasema jambo ambalo hakuna aliyekuuliza: "Sikuiba kitu! Waya wote upo. Njooni muone." Ukawashika watu mikono, ukawazungusha shamba zima, ukaonyesha kila nguzo na kila kipande cha waya. Kweli vyote vilikuwepo. Hukuwa umechukua hata msumari. Uliporudi pale shimoni ukasimama mbele ya Mama kama vile sasa atakuambia nenda ukapumzike.

Mama akasema, "Hakuna aliyesema umeiba, mwanangu. Tumesema hatukujua."

Msimu ule ulilima sehemu ya Mzee Masanja kwa jembe la mkono, bila kutumwa. Na kabla ya mpunga kuiva tena, kikundi kikaweka utaratibu ambao wewe mwenyewe uliupendekeza, sijui kama unakumbuka kwamba ni wewe. Wakachaguliwa watu watatu: Mama, Mzee Masanja na katekista wa kigango chetu. Mwanzo wa kila msimu walinzi wanawapitisha hao watatu kwenye kila shimo, wanahesabu waya na tochi, kisha wanarudi kwenye kikundi. Hawasemi mashimo yako wapi. Kikundi kinawauliza, "Mmeona?" Nao wanajibu, "Tumeona," au "Hatujaona." Hakuna jingine linalosemwa. Watu wanarudi kupalilia.

Kaka, nilipofungua kitabu cha Uraia kwenye sura ya Bunge, nilidhani mtu ametuandika sisi. Waziri anakwenda Bungeni na bajeti yake, inapitishwa fungu kwa fungu. Kabla ya hapo wabunge wachache wa kamati wanakuwa wamekaa nayo, na mambo ambayo adui hapaswi kuyasikia wanaweza kuyasikiliza milango ikiwa imefungwa. Baadaye mkaguzi wa hesabu anapita kuona kama kilichoombwa ndicho kilichofanyika. Nchi nzima haiwezi kuoneshwa mashimo. Lakini lazima wawepo watu waliochaguliwa na nchi nzima ambao wakiulizwa, "Mmeona?", wanaweza kujibu bila kudanganya.

Siku ya Bunge letu ilikuwa Ijumaa mchana, bwaloni. Faraja wa darasa letu alikuwa Waziri wa Ulinzi. Alivaa koti la baba yake, mikono ya koti imefunika vidole, akasoma bajeti yake vizuri sana. Nilikuwa nimepanga kusimama mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilibaki nimekaa. Akilini nilikuona wewe, umesimama juani, unasikia mdogo wako anakuuliza ulikopeleka waya.

Tulipofika kwenye mshahara wa Waziri, hapo ndipo mbunge anaposhika shilingi. Nilikuwa nimekueleza siku ile, kabla hujakasirika: anaizuia shilingi moja ya mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo. Ni namna ya kusema tu, hakuna mbunge anayeshika sarafu. Mimi niliishika kweli, kwa sababu mkono wangu ulihitaji kitu cha kushika. Shilingi moja siku hizi haionekani, kwa hiyo ilikuwa ya mia mbili. Mtu wa nyuma akasema, "Mheshimiwa leo kaja na shilingi nyingi!" Bwalo likacheka, na katika kile kicheko ndipo nikajikuta nimesimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikamwambia aliyekuwa anaongoza kikao, "nashika shilingi. Naomba Waziri atueleze kuhusu fungu la vifaa."

Faraja hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni siri ya nchi," akasema, na watu wakagonga meza kumshangilia.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, nadhani waliokaa mbele tu ndio walionisikia mwanzoni. Nikasema, "Sitaki Waziri aniambie vifaa viko wapi. Naomba aniambie ni nani kati yetu ameviona."

Faraja akatazama karatasi zake. Akageuza moja, akageuza nyingine.

"Unamwita Waziri mwizi?" mmoja akapaza sauti.

"Hapana," nikasema. "Nasema hatujui."

Sikujua kwamba nitatumia maneno ya Mama mpaka yalipokuwa yameshatoka. Faraja akanong'onezana na wenzake, akasimama, akasema Serikali itaipeleka kamati ikaone, milango ikiwa imefungwa. Nikairudisha shilingi. Yule wa nyuma akadai chenji.

Ninalotaka kukuambia, Kaka, ni hili. Uliniambia wewe huulizi. Nimelifikiria kwa wiki zote tano, na naona ni kweli, na naona ni vizuri iwe hivyo, maana askari anayebishana na kila amri hawezi kumlinda mtu. Lakini mtu asiyeruhusiwa kuuliza ndiye anayehitaji zaidi mwingine aulize kwa ajili yake. Kama kuna koti, au dawa, au gari ambalo lazima likufikie huko uliko, wewe utasubiri kwa utii. Mimi nataka awepo mtu Bungeni asiyesubiri. Nilipoishika ile mia mbili nilikuwa upande wako. Ningekuambia hivi siku ile kama maneno yangu yangewahi.

Huenda bado una hasira. Sitakulazimisha ujibu. Ila kuna jambo la nyumbani ambalo lazima ulijue.

Magoti ya Mzee Masanja yamechoka, hawezi tena kuzunguka mashamba. Mwezi uliopita aliomba kwenye kikundi nafasi yake ichukuliwe, na akanitaja mimi. Watu wakaguna, wakasema mtoto wa shule. Akawajibu, "Huyu hata salamu anaitoa kwa shida. Siri ataitoa saa ngapi?" Nikapita bila kupingwa. Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Idete, nikazungushwa na walinzi pamoja na Mama na katekista. Niliyaona mashimo yako yote saba. Yale ya upande wa mtoni bado yana kingo zilizonyooka, kama ulivyozichonga. Tuliporudi kikundi kikatuuliza, "Mmeona?" Nikajibu pamoja nao. Mama alinitazama kwa sababu nilisema kwa sauti.

Lakini sasa si saba tena. Walinzi wa msimu huu wamechimba la nane, refu kuliko yako, na wamelifunika vizuri. Liko kwenye njia ambayo wewe hupenda kuipita kwa mkato ukitoka barabarani na begi lako mgongoni, unapotaka kumshtua Mama jikoni. Siwezi kuandika ni njia ipi, kwa sababu barua hii ni ya wazi.

Kwa hiyo likizo yako ikifika, hata kama bado hutaki kuongea nami, nipigie simu iite mara moja tu ukishuka kwenye basi. Nitakuja mpaka barabarani. Nitatangulia mbele, wewe uje nyuma yangu, na kama ukitaka nitasoma kwa sauti njia nzima.

Mungu akulinde unapotulinda.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeona.