Usinitolee Ushuhuda, Shangazi

Kwako Shangazi, huko Stafford, Houston,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema Jumapili utakuja huku Carrollton, karibu na Dallas, kwenye ushirika wetu wa Wakenya, usimame mbele utoe shukrani kwa kuwa nimepata nafasi ya kusomea biashara Houston. Nakuandikia usije.

Wema wako sijausahau. Ulinipokea uwanja wa ndege Dallas ukiwa na koti la ziada mkononi, ukanivisha na kunifunga vifungo kama mtoto wa chekechea. Ulinifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya duka lililofungwa hapa Garland, ukinipigia kelele mpaka nikalia, kisha ukacheka na mimi nikacheka. Miaka ile hakuna mtu niliyempenda kama wewe. Ndiyo maana matokeo ya mtihani wa kuingilia chuo cha biashara yalipotoka, alama zikiwa duni, nilikuonyesha wewe peke yako. Ulinishika bega ukasema, "Haya yataisha hapa hapa jikoni."

Hayakuishia jikoni. Jumapili ya wiki hiyo hiyo, wakati wa maombi, ulisimama.

"Wapendwa, tumwombee msichana wetu. Alifanya ile exam ya business school, maksi zikakataa. Mungu amfungie huo mlango kabisa, amfungulie wa nursing."

Nami nimekaa hapo, nimevaa gauni langu zuri. Wakaniwekea mikono kichwani. Wiki iliyofuata mama mmoja akaniletea sare zake za hospitali, zimefuliwa na kupigwa pasi, akasema zitanitosha nikipungua kidogo.

Wasengenyaji nimewaona wengi, Shangazi, lakini wewe ulinisengenya ukiwa umefumba macho, na watu wakaitikia amina. Nani anabishana na sala? Nilipokwambia umeniaibisha, ulinijibu, "Kwani kuombewa ni matusi? Utakuja kunishukuru." Kisha ukapata kazi Houston, ukahama bila hata kusema pole.

Nilijaza fomu za chuo na alama zangu hizo hizo. Siku ya usaili niliendesha kutoka Garland mpaka Houston, nikawa karibu kabisa na kwako, sikupita. Mwalimu mmoja aliniuliza swali nililokuwa nikiliogopa: alama hizi zinatuambia nini juu yako? Nikamwambia zinaeleza asubuhi moja tu, na akitaka kujua asubuhi zangu nyingine awaulize watu ninaowasimamia kazini kwangu ghalani. Nilipotoka nje, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ulikuwa wewe, na hilo lilinikasirisha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa wamenikubali, nawe unasema tuliomba na Mungu amejibu. Uliomba nini, Shangazi? Uliomba nifungiwe. Kama Mungu angekusikiliza wewe, leo ningekuwa nimevaa sare za yule mama. Ukitaka kusimama mbele ya watu, simama uwaambie hilo. Waambie ulimwomba Mungu nishindwe, naye akakukatalia. Ukishindwa kulisema, baki kwako na shukrani zako.

Na kuna jingine. Mwanao ameniambia umeshanitandikia kitanda kwenye chumba cha nyuma, unaningojea masomo yakianza. Mlaze mgeni mwingine. Nimepata chumba kwingine Houston, na nimemkataza mwanao asikuambie ni wapi. Usidhani nakuogopa. Najua tu kwamba siku utakayobisha mlangoni ukiwa umebeba sufuria ya pilau nitakufungulia, na bado sitaki kukufungulia.

Ni mimi, mwenye hasira,
Binti wa kaka yako