Nati Uliyoitafuna kwa Plaizi

Guangzhou, Jumanne, 14 Mei

Baba Neema,

Miguu imevimba. Asubuhi nilimaliza kununua nguo soko la Shisanhang, mchana wote nikautumia kutafuta spana ya mashine yetu ya kubana vifungo. Tangu tukuzike, kile chuma cha kubania kinalegea na kuvunja vifungo, mpaka tumeisimamisha mashine. Na shule iliyotupa kazi inasubiri sare zake.

Nilibeba nati yake kama sampuli. Laoban, mwenye duka, aliigeuzageuza, akacheka. Akaongea na simu yake, simu ikatafsiri: "Mama, nani ameitafuna hii? Panya?"

"Mume wangu. Kwa plaizi."

"Mwambie aache plaizi."

Nikasema nitamwambia.

Akanionyesha spana mbili nyembamba: moja ishike chuma kisizunguke, nyingine ikaze nati. Lakini kila alipoijaribu kwenye nati yako, spana iliteleza. Kona zake ulizimaliza. "Bu xing," akasema, haifai, akanipa nati mpya.

Miaka yote nilikugombeza kwa alama zile. Ulikuwa unajibu, "Si imebana, mama?" huku ukiendelea na miluzi yako.

Nimenunua spana zote mbili. Nati yako aliitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, nami nikaondoka. Nilipofika kwenye ngazi za metro nilitaka kurudi kuiomba, lakini nilikuwa nimechoka mno. Nikashuka.

Sare zitakamilika. Usinihesabie kosa, Baba Neema. Unikumbuke tu.