Mbuzi Aligoma Kukanyaga Ile Kona

Baba Nafula,

Maharagwe yako kwa sufuria, yapashe moto tu. Mbuzi wape maji ya mtungi wa bluu, si yale yetu ya kunywa. Nimeenda Kakuma kwa dada yangu. Narudi kesho jioni ~~kama moyo utakuwa umetulia~~.

Asubuhi ulinicheka mbele ya mwenye hiyo trela ya mifugo unayotaka kununua, eti namsikiliza mbuzi kuliko mume wangu, kwa sababu nilisema mbuzi tuliyempandisha kuijaribu amegoma kukanyaga kona ya nyuma. Mlipoingia nyumbani kwake kunywa chai, niliinua ule mpira wa sakafuni. Alumini ya chini yake imeliwa na mkojo wa mifugo, imebaki unga mweupe. Nikabonyeza na bisibisi, ikatokea chini. Huko nje mwenye trela amepaka rangi, inang'aa.

Nikaja kukwambia, ukanituma nyumbani nikapike. Basi nimepika.

~~Fanya unavyotaka.~~ Bisibisi hii hapa. Kabla hujampa mkono wa kukubali kununua, inua ule mpira mwenyewe. Unajua Nafula anavyopenda kusafiri nyuma na mbuzi wake. Yeye ukimwambia panda, atapanda. Hatagoma.

Mama Nafula